Mkwe Akiwa Mlangoni

Wanangu wauguzi, kila mkija kunisalimia hapa nyumbani kwangu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, mnaniuliza habari za sindano za kioo. Mnataka kusikia jinsi tulivyozichemsha kwenye sufuria na jinsi tulivyonoa ncha zake, halafu mnashika mabega yenu na kucheka kana kwamba nimewachoma. Sawa. Tulizichemsha. Zilikuwa nene na butu, na mgonjwa akiziona tu zikitoka majini, nusu ya maumivu yake ilikwisha palepale. Ninashukuru kwamba zimeondoka. Mtu akikuambia kazi ya zamani ilikuwa nzuri kuliko ya sasa, muulize kwanza alikuwa upande gani wa sindano.

Vifaa vitabadilika tena, na siku moja ninyi ndio mtachekwa. Kitu ambacho hakikubadilika, tangu nilipovaa blauzi nyeupe mara ya kwanza mpaka nilipoivua kwa kustaafu, ni kitanda, mgonjwa juu yake, na ndugu zake pembeni. Shuleni mlifundishwa sana juu ya mgonjwa. Juu ya ndugu zake mlifundishwa kidogo, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Mnajua hospitali zetu za Lubumbashi zilivyo. Wodi haiendi bila garde-malade, ndugu anayemlinda mgonjwa. Yeye ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayepika, anayekwenda kununua dawa, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Asingekuwepo, tungekufa kwa uchovu sisi wenyewe. Lakini garde-malade ana akili yake, na akili hiyo usipoiuliza itakutangulia.

Nilikuwa na mzee mmoja wa kupasuliwa asubuhi. Nilimwambia vizuri kabisa asile wala asinywe, naye akaitikia kama mwanafunzi. Nilipokuja kumchukua, vidole vyake vilinuka ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Dada yake mkubwa alikuwa amemlisha bukari, ugali wetu, chini ya blanketi, kwa sababu katika ukoo wao hakuna mtu anayeanza safari ndefu na tumbo tupu. Nilimkasirikia dada yule, nikapiga kelele mpaka wodi ya pili wakasikia. Baadaye nikaona kwamba mwenye sufuria alikuwa yeye, nami nilikuwa nimeongea na mwenye mdomo peke yake. Tangu pale amri ya kutokula nilimpa anayepika, tena na sababu yake: mtu akilazwa na dawa ya usingizi, chakula kinapanda kutoka tumboni na kushukia kwenye mapafu. Ukimwambia mtu sababu, anakuwa mlinzi wako. Ukimpa amri tupu, anatafuta blanketi.

Na yule mama wa kisukari je? Alipigwa insulini yake asubuhi kama kawaida, halafu akajiunga na wenzake wa kundi la sala waliokuwa wamefunga. Alianza kutoka jasho, akasema maneno yasiyoeleweka, na wenzake wakapiga makofi kwamba Roho ameshuka. Nilipita pale kwa bahati tu. Alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari, akarudi duniani na kutuuliza kwa nini tunamwagia nguo zake. Angekuwa amezimia, mngempa kwa mshipa. Usimmiminie kitu mdomoni mtu asiyejitambua, atakufa kwa maji yako. Kabla ya insulini, ulizeni swali hili moja: leo unakula, au unafunga? Ni swali la sekunde chache, na katika jiji lenye makanisa mengi kama letu halina aibu.

Aliyenilea katika kazi ni Mama Euphrasie. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, binti wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini kama mimi, mwili mkubwa, viatu visivyo na sauti. Ulikuwa hujui kama yuko nyuma yako mpaka kalamu yake ikugonge vidole. Alinigonga siku niliyoshika tumbo la mgonjwa juu ya nguo. "Adolphine," alisema, "unapima tumbo ao unapima kitenge?" Akanifundisha kwamba tumbo la mgonjwa linaanzia kwenye matiti na kuishia kwenye magoti, na ukiacha hata kipande kimoja kati ya hapo, bado hujaliangalia. Alinifundisha pia kutomtajia mgonjwa jina lake. Usiseme, "Wewe ni Kabwe?" Mgonjwa mwenye homa ataitikia jina lolote, na wodi zetu zina Kabwe kila kona, maana mapacha wetu karibu wote ni Kyungu na Kabwe. Muulize, "Jina lako nani?" kisha funga mdomo umsikilize.

Sasa nawaletea mambo ya Mama Mwape.

Nilikuwa nimekwisha kuwa chef wa wodi, yaani muuguzi mkuu, na siku zangu za kustaafu zilikuwa zinakaribia. Asubuhi nilifika kupokea zamu, na Clarisse, muuguzi kijana mwenye mikono mizuri na haraka nyingi, akanieleza wagonjwa kitanda kwa kitanda. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa mama mzee aliyekuja kutoka Kasenga. Alikuwa muuza samaki, na alikuja mjini kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alifika nyumbani kwa binti na kuanza kutapika. Tumbo lilikuwa limevimba. Kipimo cha malaria kilikuwa safi. Daktari aliyempokea aliandika serumu ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika, na kusafishwa tumbo kwa maji ya poire, ule mpira wa kubonyezwa, kwa sababu mama hakuwa amekwenda choo.

"Poire iko tayari," Clarisse aliniambia. "Njo naenda kumufanyia sasa hivi."

"Ngoja kwanza nimuone," nikasema.

Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, mgongo ameupa wodi nzima. Alikuwa anatazama ukumbi kama mtu anayengoja gari. Nilipomsalimia aliniambia bila kugeuka kwamba anaitwa Papa Ilunga, dereva wa kampuni moja huko Kinsevere, na kwamba yule mama amemleta yeye.

"Mama chef, mumuangarie muzuri," alisema. "Kila kintu anakunywa, anatapika. Tumbo inamuuma. Ku cabinet hajaenda tangu afike."

"Na ye mwenyewe anasema je?"

"Anasema iko bien, muzima tu."

"Alikuambia?"

Alishtuka kama nimemtukana. "Apana, mama! Mi niko mukwe. Anasema na bibi yangu ku téléphone, na bibi yangu njo ananiambia."

Nikaelewa ule mgongo: mama huyu alikuwa mzazi wa mke wake. Wengine mlizaliwa mjini na mnasema bukwe, heshima ya ukwe, ni mambo ya wazee. Lakini ziko familia ambazo mkwe bado hamtazami mama-mkwe usoni, hamshiki mkono, hali mbele yake, wala haingii anapolala. Mke wa Papa Ilunga alikuwa nyumbani na mtoto wa siku chache, dada zake wako Kasenga, hakuna mwingine wa kumlinda mgonjwa. Basi mwanamume huyu alikuwa garde-malade wa mtu ambaye haruhusiwi kumtazama. Alikuwa amelala ukumbini, kwenye sakafu, akiulinda mlango. Nilimhurumia, na nilitaka kucheka pia.

Nilikwenda kitandani. Mama Mwape alikuwa amegeukia ukutani, kitenge amekivuta mpaka kichwani. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama ganda la karanga. Mapigo ya moyo yalikimbia. Nilipomgusa alishika nguo yake kiunoni kwa mikono miwili.

"Mama, inakuuma wapi?"

"Mi niko bien, mwanangu. Tumbo tu, kidogo."

Kutoka mlangoni Papa Ilunga akajibu kwa sauti: "Inamuuma pa kitovu! Bibi yangu anasema pa kitovu!"

Kila nilichouliza, alijibu yeye. Alikuwa na nia njema mpaka ikachosha. Na kila aliposema, nilimwona mama akijikunja zaidi chini ya kitenge. Hapo nikaelewa jinsi daktari alivyompima. Hakuwa mzembe yule kijana. Alimkuta mama aliyeshika nguo zake, mkwe anajibu kutoka mlangoni, na wagonjwa wengine wamejaa ukumbini. Akabonyeza pale alipoachiwa kubonyeza.

"Papa Ilunga," nikamwita, "enda ku pharmacie ya kule ku avenue, utuletee gants."

"Mama chef, gants tuko nazo," Clarisse akasema, akinionyesha boksi la glavu, mwenye msaada kama siku zote.

Nikamkanyaga mguu. Papa Ilunga akaenda mbio, akafurahi kupewa kazi ambayo mkwe anaweza kuifanya.

Nilivuta pazia. Sikuuliza kitu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo shuleni mnakatazwa na mimi nawaruhusu, nikamwambia mama kwamba mkwe wake amekwenda.

"Anaisha kutoka?" aliuliza kutoka chini ya kitenge.

"Anaisha kutoka. Ata ndani ya lupango, mpaka ku geti, haiko."

Akatoa kichwa. Akatazama dirisha, akatazama pazia, akamtazama Clarisse, akanitazama mimi. Halafu akaachia nguo.

Chini ya kitenge alikuwa amejifunga kipande kingine cha kitambaa, kimezungushwa pajani na kiunoni, kimekazwa kwa nguvu za mtu aliyezoea kufunga mizigo ya samaki. Tulikifungua polepole. Penye mkunjo wa paja, upande wa kulia, palikuwa na uvimbe kama yai dogo. Ulikuwa mgumu, na nilipousogelea kwa kidole tu mama aliuma meno.

"Iko na mi kitambo," alisema. "Ikitoka, narudisha na mukono, inarudia. Sasa mu gari, njiani, ikatoka, ikakatala kurudia."

"Na docteur haukumuambia?"

"Mukwe alikuwa pale. Niseme je? Niseme iko huku ku mapaja, mukwe anasikia? Afazali nikufe."

Alilisema neno hilo bila hasira na bila machozi, kama mtu anayekuambia kwamba leo hatakula. Ilikuwa ngiri, ile tunayoiita hernie, na utumbo ulikuwa umebanwa ndani yake. Ngiri ikibanwa hivyo, damu haifiki. Utumbo unaanza kufa, na usipofunguliwa haraka mwenyewe naye anafuata. Mama yule alikuwa anakufa mchana, katikati ya wodi iliyojaa wauguzi, akituambia yuko bien.

Clarisse alinyoosha mkono. Alitaka kuusukuma urudi ndani, maana mama mwenyewe ndivyo alivyofanya siku zote. Nikamshika kifundo cha mkono. Sikilizeni vizuri hapa: ngiri iliyogoma kurudi, ngumu, yenye maumivu, na mwenye nayo anatapika, msiisukume. Mnaweza kurudisha ndani kipande cha utumbo kilichokwisha kuoza. Na ile poire ya kusafishia tumbo, iondoeni kabisa. Maji unayoyasukuma kwenye tumbo lililofungwa yatapasua kitu. Clarisse aliitazama poire yake juu ya meza, akaanza kujilaumu. Nilimwambia atajilaumu baadaye, sasa hivi akamwite daktari.

Tulifanya yanayofanywa. Hakuna cha kuingia mdomoni, hata maji ya kulowanisha. Mpira wa puani kuteremka tumboni, ili kile kilichojaa kitoke nje mpaka kwenye mfuko na kisije kupanda kooni. Serumu kwa kasi, mpira wa mkojo, mapigo na presha kila mara. Daktari akaja, safari hii pazia limefungwa na nguo zimefunguliwa, akaona, akasema "Ah, non," akakimbilia simu ya chumba cha upasuaji. Sikumsikia akimlaumu mtu. Baadaye alinifuata akaniuliza nilijuaje, nikamwambia nilimtuma mkwe dukani, ndivyo nilivyojua.

Papa Ilunga alirudi na gants zake, jasho limemjaa. Tulipomwambia lazima mama apasuliwe, alikaa chini.

"Mi siwezi kuitika," alisema. "Mukwe anaitika je bapasule mama-mukwe? Nitaita nkambo ya bibi yangu kule Kasenga."

Akapiga simu. Yule mzee upande wa pili, babu wa ukoo wa mkewe, akasema wamngoje, atapanda gari kesho, kwanza wakae ukoo mzima. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, sauti ya mtu asiye na haraka yoyote duniani. Papa Ilunga alinitazama, mara ya kwanza usoni, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu.

"Mwenye tumbo iko pale," nikamwambia. "Iko anasikia, iko anasema. Tutamuuliza ye."

Mama Mwape alisikiliza daktari mpaka mwisho. Alielewa kila neno. Aliuliza hata kama atalala au ataona. Akakubali, kwa sharti moja. Alinivuta karibu. "Mukwe asijue fasi mulipasula," alininong'oneza. "Mumuambie tumbo tu."

Nikaapa. Hakukuwa na muda wa kiapo kizuri zaidi, wakaondoka naye.

Nilikaa na Papa Ilunga nje ya mlango wa upasuaji kila nilipopata nafasi ya kutoroka wodini. Hakula, hakukaa, alishika lile boksi la gants kifuani. Hakuniuliza hata mara moja ni wapi wanampasua. Niliona ni adabu, nikaipenda. Mke wake alipiga simu na kulia, naye akamwambia kila mara, "Bako nafanya, bako nafanya." Mwishowe daktari akatoka, kofia mkononi. Walikuta utumbo umekuwa mweusi-mweusi. Wakaufunika kwa vitambaa vya moto, wakangoja, wakaomba, kila mtu kwa dini yake, na rangi ikarudi. Hawakukata hata kipande. Papa Ilunga akainama akashika magoti yake mwenyewe, na nikasikia akilia kama mwanamume anavyolia, kwa pua. Mimi nilikwenda kwenye chumba cha nguo chafu nikafunga mlango, nikacheza. Naam, nilicheza, na miguu yangu hii yenye mishipa.

Kilichobaki kilikuwa kungoja tumbo liamke. Mnajua ishara tunayoingoja. Siku ilipofika, Mama Mwape akajamba vizuri, kwa sauti, na wodi nzima ya wanawake wakapiga makofi na vigelegele. Clarisse alifurahi mno, akatoka mbio kwenda kumwambia Papa Ilunga. Nilimdaka kwa mkanda wa blauzi yake pale mlangoni.

"Unaenda kumuambia nini?"

"Bonne nouvelle, habari ya muzuri, mama chef! Kama mama anaisha ku…"

"Kwa mukwe?"

Akaziba mdomo. Tukakubaliana aseme "anaendelea muzuri sana", na ndivyo alivyosema, akageuka haraka kabla ya kicheko kumtoka.

Siku ya kwenda nyumbani nilimpa mama maagizo yake: asibebe beseni la samaki kichwani mpaka daktari amruhusu, asikohoe bila kushika kidonda, asijifunge tena kile kitambaa. Getini kukawa na kazi ya pikipiki, maana hawawezi kupanda moja. Zikaitwa mbili, moja ya mama na mizigo yake na Clarisse nyuma yake akimshika, nyingine ya mkwe. Ya mama ikatangulia taratibu.

Papa Ilunga alikuwa amekwisha kupanda ya pili. Akashuka. Akarudi mpaka niliposimama.

"Mama chef," alisema, akitazama viatu vyake, "ile hernie, mi nilikuwa naijua."

"Ulijua je?"

"Bibi yangu aliniambia kitambo. Kama mama yake iko nayo, kama inatokaka."

"Na haukusema? Ata ku docteur? Ata ku mi?"

"Mukwe anajua je fasi kama ile?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mungeniuliza, we uliiona wapi? Na ye angesikia kama mi najua. Nilikuwa naomba Mungu tu muione."

Akanishukuru, akapanda pikipiki yake, akawafuata.

Nilikaa kwenye benchi ya mlinzi wa geti. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna msiba. Watu wawili walikuwa wanajua, mmoja kitandani na mmoja mlangoni, na hakuna kati yao aliyekuwa mbaya. Mama alikuwa tayari kufa ili mkwe asijue. Mkwe alikuwa tayari kumwacha afe ili mama asijue kwamba anajua. Nami nilikuwa nimejisifu kwamba nimemfukuza mlangoni, kumbe nilimtuma dukani mtu mwenye jibu mdomoni.

Kwa hiyo, wanangu, pazia mlivute, nguo zifunguliwe, mgonjwa asikilizwe peke yake. Halafu msiishie hapo. Miezi yangu ya mwisho kazini, nikishamaliza na mgonjwa nilikuwa natoka nje, namtafuta yule aliyesimama mlangoni, namvuta mpaka mwisho wa ukumbi na kumuuliza: "We unajua nini, na hauwezi kuisema kule ndani?" Wengi waliniambia hakuna kitu. Wachache waliangalia kwanza nyuma yao, halafu wakasema.